Breki ya Nyuma

Mdogo wangu alivunjika mtulinga Jumapili moja ya Agosti, saa kumi na moja jioni, kwenye mteremko wa Isamilo. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba cha kusomea, nikinakili kwa penseli orodha za zamani za baiskeli zilizoshushwa bandarini. Mama akapiga simu. Hakusema mdogo wako ameumia. Alisema, "Ile baiskeli yako imemuua mtoto," akanyamaza kwa muda uliotosha mimi kuamini, ndipo akaongeza kwamba wako hospitali na marehemu anakula chipsi.

Alikuwa na haki ya kusema "yako". Niliinunua mimi, mwezi wa tano, kwa posho niliyolipwa kwa kumsaidia mwalimu mmoja kukusanya takwimu. Ilikuwa BMX nyeusi yenye ringi za kijani, matairi ya inchi 20, vipande vinne vya bomba vikichomoza kwenye ekseli kama masikio, na chini ya usukani kulikuwa na visahani viwili vya chuma vilivyolaliana, vimeshikwa na nyaya nne, mbili juu na mbili chini. Nilimuuliza muuzaji kazi ya visahani vile. "Hivyo ndivyo vinavyoifanya iwe BMX, dada," akasema. Nikaridhika. Mimi, ninayeandika tasnifu ya uzamili kuhusu baiskeli na wakulima wa pamba Usukuma, nililipa, nikaipakia kwenye basi la Mwanza, wala sikuibana breki hata mara moja.

Nilipofika nyumbani wiki moja baadaye, nilimkuta amekaa barazani, mkono umening'inizwa kwa kanga ya mama. Ana miaka kumi na tano. Alinisalimia, nikaitikia, kisha kabla sijauliza kitu akasema, "Nilibana, dada. Nilibana mpaka mkono wa breki ukagusa usukani."

Niliamini. Nilienda uani ilikoegemezwa, nikabana mwenyewe. Mkono wa breki ulikuja wote, mlaini kama kubana sifongo, na kule nyuma raba ziligusa ringi kwa adabu, mithili ya mtu anayepapasa nguo dukani bila nia ya kununua. Nilisukuma baiskeli huku nimebana. Gurudumu likazunguka.

Mama alikuwa ameshatoa hukumu: iuzwe. Mdogo wangu alikuwa na rufaa ya ajabu. Alinifungulia simu akanionyesha vijana wa Marekani na Uingereza wakiteleza juu ya vyuma vya ngazi, wakiruka, wakizungusha usukani hewani kama pia. "Angalia vizuri," akasema. "Wote hawana breki. Wanaojua wanazitoa. Tatizo si kwamba breki ilikuwa mbovu, tatizo mimi niliitegemea."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba mama siku kumi, nikaanza kazi kwa njia pekee ninayoijua, yaani kusoma.

*

Breki ya waya ina tarehe yake. Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland, alipata hataza ya kifaa ambacho leo kiko kwenye karibu kila baiskeli na pikipiki mjini: waya unaopita ndani ya kava linalopindika. Kabla ya hapo, kuvuta kitu kilicho mbali na mkono wako kulihitaji vyuma vilivyonyooka na viungo kila mahali penye kona. Waya wa Bowden unapita kona bila kuuliza.

Siri yake ni kava. Wengi wetu tunadhani waya ndio unaofanya kazi na kava ni nguo tu ya kuukinga na vumbi. Kumbe kazi ni nusu kwa nusu. Waya ukivutwa, kava linabanwa kutoka ncha zake mbili kwa nguvu ileile. Kama kava linanepa, au ncha yake imekatwa vibaya ikabonyea, au limepigwa kona kali, nguvu ya vidole vyako inaishia kulibonyeza kava badala ya kufika kwenye ringi. Niliposoma hivyo nilitoka uani na tochi. Kava la breki ya mdogo wangu lilikuwa limekatwa kwa koleo la kawaida, ncha yake imelala bapa kama mdomo wa bata.

(Kuna Bowden mwingine, Frank, mwenye kampuni ya Raleigh ya Nottingham, na watu huwachanganya wawili hawa mara kwa mara. Niliwachanganya mimi pia kwenye rasimu ya sura yangu ya pili. Msimamizi wangu alizungushia jina kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno moja: "Nani?")

Kichekesho ni kwamba Raleigh zilizotufikia huku Kanda ya Ziwa, zile nyeusi za magurudumu makubwa, hazikuwa na waya wa Bowden yeyote. Zilikuwa na breki za vyuma: fimbo nyembamba kutoka kwenye usukani, viungo viwili vitatu, halafu kipande chenye umbo la kikuku cha farasi kilichovuta raba kwenda juu zikabane ringi kwa upande wake wa ndani, ule unaotazama spoki. Fundi yeyote mwenye spana moja aliweza kuzirekebisha, na zilikaa miaka. Babu alinunua ya kwake kwa fedha za pamba kabla mama hajazaliwa. Niliposhuka Magu kumsalimia na kumwuliza kuhusu breki zake, alicheka.

"Kiangazi zilikuwa breki," akasema. "Masika zilikuwa pambo."

Ringi za chuma zikilowa, raba inateleza juu ya maji. Kwa hiyo masika, babu na wenzake walisimama kwa mguu. Unainua mguu uliovaa katambuga, unaukandamiza kwenye tairi, raba kwa raba, mpaka baiskeli itulie. Alinionyesha kwa kiti chake cha plastiki, akauinua mguu wa kulia kana kwamba tairi liko pale. "Ila uwe na katambuga nzima," akasema. "Iliyokwisha soli utaacha ngozi huko."

Niliandika hilo kwenye daftari bila kujua kwamba nitalihitaji.

*

BMX ilianzia kwenye viwanja vya vumbi kusini mwa California, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Watoto wa huko walikuwa wakiangalia mbio za pikipiki za motokrosi na kuziigiza kwa kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni Sting-Ray, baiskeli ya magurudumu ya inchi 20 ambayo kampuni ya Schwinn ya Chicago iliitoa mwaka 1963. Filamu ya Bruce Brown ya mwaka 1971 kuhusu mbio za pikipiki, On Any Sunday, inafunguliwa na watoto hao wakirusha vumbi kwa baiskeli zao. Wengi wanaamini ndiyo iliyosambaza mchezo huo nchi nzima.

Baiskeli hizo za watoto zilisimamishwa kwa miguu. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: ukirudisha pedali nyuma, vipande vya chuma vinatanuka na kukandamiza kitovu kwa ndani. Ni breki nzuri sana. Haina waya, haina raba, mvua haiijui. Lakini mtoto anayetaka kuruka kichuguu anahitaji kuweka pedali zake sawasawa kabla hajaondoka ardhini, na ili kuziweka sawa lazima azirudishe nyuma kidogo, na akizirudisha nyuma anafunga gurudumu. Pia cheni ikichomoka, breki imeondoka nayo. Kwa hiyo kadiri mchezo ulivyokua, breki ilihama kutoka miguuni kwenda mkononi, na waya wa Bowden ukaingia.

Ikaingia breki moja tu, ya nyuma. Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu, kwa sababu kwa mtu wa Isamilo jambo hili halina akili. Unapopunguza mwendo, uzito wako unasogea mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na jepesi halina cha kung'ang'ania. Likibanwa sana linateleza. Mteremkoni ni zaidi. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Lakini BMX haikutengenezwa kwa ajili ya kushuka kwenda kununua unga. Mbio zake huchukua chini ya dakika moja, wachezaji wanane wakishuka kutoka kwenye mlango mmoja wa kuanzia, na hakuna anayetaka kusimama mpaka mstari wa mwisho. Breki inahitajika kutuliza mwendo kidogo kwenye kona, na kwa hilo ya nyuma inatosha. Mpaka leo kanuni za shirikisho la kimataifa la baiskeli zinadai BMX ya mbio iwe na breki ya nyuma inayobanwa kwa mkono. Mchezo ulipoingia Olimpiki, Beijing 2008, ndivyo walivyoingia nao.

Nusu ya pili ya hadithi ndiyo iliyozaa visahani vya mdogo wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja mchoraji wa katuni, Bob Haro, na wenzake walianza kuichezea baiskeli palepale iliposimama, au kwenye viwanja vya zege vya skateboard: kuinuka kwa gurudumu moja, kugeuka, kurudi nyuma. Mchezo huo ukaitwa fristaili. Kwao breki haikuwa ya kusimama. Ilikuwa kama mkono wa tatu: unaifunga, baiskeli inakuwa meza, unapanda juu yake, unailegeza, inakuwa baiskeli tena. Walihitaji breki kali kuliko wana mbio, na walihitaji kuzungusha usukani. Mambo hayo mawili hayapatani. Ukizungusha usukani wenye waya wa breki, waya unajisokota kwenye shingo ya baiskeli kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Waya wa breki ya mbele walipata pa kuupitisha, ndani kabisa ya bomba la foku, katikati ya mzunguko, ambako hauwezi kusokotwa. Wa nyuma ulikataa, maana lazima utoke kwenye usukani unaozunguka uende kwenye fremu isiyozunguka. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Brian Scura akaja na jawabu. Chini ya usukani aliweka visahani viwili vyenye gololi katikati yake. Cha juu kinavutwa na nyaya zinazotoka kwenye mkono wa breki. Cha chini kinavuta nyaya zinazokwenda kwenye breki. Kimoja kinaweza kuzunguka na kingine kikatulia, na bado vikapanda na kushuka pamoja. Kwanza kiliitwa Oryg. Kampuni ya Odyssey ikakiuza kwa jina hilohilo lililogeuzwa, Gyro. Mafundi wetu wanasema jairo.

Ukikisoma kwenye karatasi, ni kifaa kizuri mno. Ila hesabu kilichoongezeka. Waya mmoja umekuwa nyaya nne, kila mmoja na kava lake, kila kava na ncha mbili, kila ncha na nati yake ya kurekebishia. Visahani lazima vipande vikiwa bapa. Waya wa kushoto ukiwa mfupi kuliko wa kulia hata kwa milimita mbili, kisahani kinainama upande mmoja, na nguvu yote ya vidole inaishia katika kule kuinama. Mkono wa breki unagusa usukani, raba zinapapasa ringi.

Miaka michache baadaye breki zenyewe zilibadilika, mikono yake ikafungwa moja kwa moja kwenye fremu badala ya kuning'inia kwenye bolti moja, ikaitwa breki ya U kwa umbo lake. Nayo ni nzuri. Halafu, baada ya kazi yote hiyo ya werevu, wachezaji wakaanza kuitupa. Wale wanaocheza mtaani, kwenye ngazi na kuta, walizitoa breki, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutokuwa na breki kukawa mtindo unaojitegemea. Baiskeli inakuwa nyepesi, usukani unazunguka bila kikomo, hakuna cha kurekebisha. Hawa ndio waliokuwa kwenye simu ya mdogo wangu.

Wanasimamaje? Niliangalia video zake tena, safari hii nikitazama miguu. Wanaunyanyua mguu mmoja kutoka kwenye pedali, wanaurudisha nyuma, wanakandamiza soli ya kiatu kwenye tairi.

Nikamwita. Nikamwonyesha, kisha nikamweleza habari ya babu na katambuga. Alitazama ile video mara tatu, akasema, "Kwa hiyo babu alikuwa BMX." Akacheka mpaka mtulinga ukamuuma. Kisha akaongeza, na hakuwa mjinga, "Lakini babu hakuwa na hiari."

*

Siku ya tano tuliisukuma mpaka kwa fundi mmoja wa Mabatini, mzee aliyewahi kumtengenezea mama baiskeli ya kwendea shule. Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu kuhusu jairo. Hakuyahitaji. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, akalitazama.

"Hii breki si mbovu," akasema. "Hii breki haijawahi kufungwa."

"Imefungwa dukani, shikamoo mzee," nikasema, nikikumbuka salamu katikati.

"Marahaba. Imewekwa. Kufungwa bado."

Alianza na kitu ambacho nisingekigusa, ringi. Ilikuwa inayumba, kila mzunguko ilisogea kushoto kisha ikarudi. Kama ringi inayumba, lazima uziache raba mbali nayo ili zisiikwaruze, na zikiwa mbali, mkono wa breki unamaliza safari kabla raba hazijafika. Akakaza spoki za upande mmoja robo mzunguko, akalegeza za upande wa pili robo mzunguko, akazungusha, akatazama, akarudia. Ilichukua karibu saa nzima na hakuongea.

Kisha akafungua raba akanipa. Uso wake ulikuwa unang'aa kama kioo, na juu yake kulikuwa na utando wa kijani. Ringi zile nzuri zilikuwa zimepakwa rangi mpaka pale raba inapobana, na rangi ndiyo iliyokuwa ikiteleza, ikihamia kwenye raba kidogo kidogo. Mdogo wangu alipewa msasa. Kwa mkono wake mmoja mzima alisugua ringi pande zote mbili mpaka aluminiamu ikaonekana, halafu raba mpaka zikawa nyeusi zisizong'aa. Mimi nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Fundi alitukataza kugusa mahali pale kwa vidole, kwa kuwa vidole vina mafuta, na akaiweka chupa yake ya oili nyuma ya mgongo wake, mbali nasi, kana kwamba tungeinywa.

Mikono ya breki ikatolewa kwenye vijiti vyake. Vilikuwa vikavu, vimeanza kutu. Grisi kidogo, ya kupaka kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, ikafutwa iliyozidi. Raba zikarudi. Hapa nilijifunza kwa macho: raba inalala katikati ya ukingo wa ringi, haigusi tairi, maana italila mpaka lipasuke, na haining'inii chini ya ringi, maana sehemu isiyobana itabaki kama mdomo na kunasa kwenye spoki. Na haibani yote kwa mpigo. Ncha yake ya mbele, ule upande ringi inakoelekea, inagusa kwanza kwa unene wa kadi ya simu, na ya nyuma inafuata. Ikibana yote sawa inapiga kelele. "Breki inayolia inaomba msaada," akasema, huku akikaza nati kwa spana na kuishikilia raba kwa mkono wa pili isizunguke nayo.

Kisha jairo. Kava zote nne alizikata upya kwa mkasi wa nyaya, akapiga tupa kila ncha mpaka ikawa tambarare, akazibua tundu kwa sindano ya kushonea magunia, akavalisha vifuniko. Nati za kurekebishia akazizungusha zote ndani mpaka mwisho, halafu kila moja akairudisha nje mizunguko miwili, ili pabaki nafasi ya kuongeza na ya kupunguza. Dukani walikuwa wameifungua moja mpaka mwisho na kuisahau nyingine. Ndiyo maana kisahani kilikuwa kimeinama. Akauvuta waya kwa koleo, akakaza, akaniambia nibane kwa nguvu mara ishirini. Nikabana. Waya ukalegea, kwa sababu mwanzoni kila kitu kinajikalisha mahali pake. Akavuta tena, akakaza tena. Raba zikawa milimita mbili kutoka kwenye ringi, kushoto na kulia. Nikabana kwa kidole kimoja na gurudumu likagoma kabisa.

Nililipa elfu kumi na tano, pamoja na waya mpya. Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kupokea cheti.

Siku ya saba breki ilikuwa imelegea.

Si kama mwanzo, lakini mkono ulikuja karibu na usukani, na kisahani kilikuwa kimeinama kidogo upande wa kulia. Nilikirudisha kwa kuzungusha nati moja nusu mzunguko. Siku ya nane kikainama kushoto. Fundi, nilipomfuata, hakushangaa. Alisema jairo la namna hii, la chuma laini, linataka kuangaliwa kila wiki, na akamtazama mdogo wangu kama anayepima uzito wa mbuzi mnadani. "Wewe utaliangalia kila wiki?"

Kimya.

Nikamgeukia. "Tangu mwezi wa tano umezungusha usukani hewani mara ngapi?"

"Sijawahi," akasema. Halafu akajirekebisha. "Bado sijawahi."

Hilo "bado" lilinikosesha usingizi. Ningeweza kusema toa jairo, funga waya mmoja, basi. Ningekuwa sahihi. Usiku nililala nikifikiria kile kifaa cha Scura, jinsi kilivyotengenezwa kwa ajili ya watu waliozungusha usukani mchana kutwa na walioketi jioni na spana ndogo mkononi wakikilea, halafu umbo lake likanakiliwa, likawekwa kwenye baiskeli za bei nafuu duniani kote kama pambo, bila yale malezi. Muuzaji hakunidanganya. Hivyo visahani ndivyo vilivyoifanya iwe BMX machoni mwa mteja kama mimi. Lakini mdogo wangu hakununua pambo. Alikuwa amelala chumba cha pili, mkono kwenye kanga, akiota jambo ambalo bado hajalifanya.

Jawabu lilikuwa kwa wachezaji wenyewe, na ni la kawaida kwao kiasi kwamba nililipita mara mbili nikisoma. Wengi wanaobaki na breki hawatumii jairo tena. Wanafunga waya mmoja moja kwa moja na kuuacha mrefu, wenye tao kubwa mbele ya usukani, ili usukani uweze kuzunguka mara moja, waya ukaizunguka shingo ya baiskeli, kisha uurudishe. Mara moja tu, kisha unarudi ulikotoka. Unapoteza kidogo kwa sababu kava refu linanepa zaidi, lakini ni waya mmoja, ncha mbili, nati moja ya kurekebishia.

Fundi aliutazama mchoro wangu, akasema hilo hata mtoto angelijua. Alitoa jairo. Alipima waya mara nne, mdogo wangu akizungusha usukani kwa mkono mzima, mpaka tao likatosha bila kunasa kwenye goti. Tulipomaliza, ncha ya waya ilikatwa na kuvalishwa kofia ndogo ya bati isichanue.

Tulibishana juu ya jambo moja la mwisho, na nilishindwa. Foku ya baiskeli ile ina tundu la kufungia breki ya mbele, limetobolewa kiwandani. Fundi alikuwa na breki ya mbele ya mtumba, ya Kijapani, yenye mikono mirefu ya kutosha kulivuka tairi. Nilieleza habari ya uzito unaosogea mbele, nikachora na mishale. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akasema waya wa pili utauzuia usukani hata ile mara moja, na mimi nilikuwa nimempa mara moja. Tukaafikiana hivi: sehemu ya juu ya mteremko wa Isamilo, pale penye kona na mawe, atashuka akiikokota. Mama aliitwa kuwa shahidi. Alibana breki mwenyewe, akaisukuma baiskeli kwa nguvu mbele, nyuma, mbele. Tairi likakwaruza sakafu ya baraza na kuacha mstari mweusi.

"Na wa kuufuta huu ni nani?" akauliza.

Mtulinga ulipona mwezi wa kumi. Hunitumia video, nyingi hazionyeshi kitu zaidi ya anga na kelele za rafiki zake. Kwenye moja anaruka kutoka kwenye ukingo wa zege usiozidi magoti, usukani unazunguka, waya unajisokota, anaukamata ukiwa umebakiza robo ya mzunguko na kutua vibaya, lakini kwa miguu. Niliisimamisha hapo nikaikuza picha kwa vidole. Raba zimekaa sawa. Mbele, kwenye foku, tundu liko wazi, na ile breki ya Kijapani niliyoilipia ninayo mimi Dar es Salaam, kwenye droo, imefungwa kwa gazeti.